Nilichomjibu Mpima Ardhi

Siku hizi hapa Kahama vijana wanafyeka nyasi kwa mashine za kuning'iniza begani, zenye mlio wa kukera na moshi wa petroli. Moshi ule ukichanganyika na majani mabichi yaliyokatwa, mimi hufunga duka. Wateja wangu wanaamini nina mafua sugu, nami nimewaacha waamini hivyo, maana ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba mwanamke mtu mzima kama mimi anakimbia harufu. Lakini baba tumemzika na matanga tumeyaanua, na yapo maneno yaliyonikwama kooni pale msibani. Nitayasema hapa.

Kwetu ni kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Barabara wakati huo haikuwa na lami, na magari tuliyoyajua ni malori ya pamba, nayo yalikuja msimu wa pamba tu. Yalipopita, vumbi lilikaa hewani mpaka ng'ombe warudi zizini. Baba yangu mdogo, Masanja, alikuwa na baiskeli ya chuma nzito isiyo na breki ya nyuma, na raha yake kubwa duniani ilikuwa kushindana na malori hayo. Lori likipunguza mwendo kwenye makorongo, yeye anachomoka nyuma ya ua wa minyaa, shati limejaa upepo, anakanyaga pedali huku madereva wakimpigia honi. Sisi watoto tulikuwa waamuzi. Mara nyingi alishinda mpaka kwenye mwembe wa kona, kisha lori linashika kasi na kumwachia vumbi lake. Alirudi akiwa mwekundu kwa vumbi, kichwa mpaka kope, anasema siku ndege ikitua huku kwetu atashindana nayo pia. Nilimpenda baba mdogo kuliko mtu yeyote wa ukoo ule, na nalisema hili mapema ili ieleweke nilichopoteza.

Yeye na baba walirithi kwa babu kitu kimoja ambacho hawakukigawana, nacho ni ngitili. Asiyekulia Usukumani nimwambie: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Nyasi zinaachwa zirefuke, hakuna mnyama kuingia, hakuna jembe, hakuna kukata hata ukuni, mpaka kiangazi kikomae na nyasi za kwingine kote ziishe. Hapo ndipo inafunguliwa, na ng'ombe wanavuka salama mpaka mvua nyingine. Ngitili yetu ilikuwa ndefu na tambarare, haina mawe, imelala kati ya vilima viwili. Mtoto aliyeachia mnyama akaingia humo kabla ya wakati alichapwa na mtu mzima yeyote aliyemwona, bila hata kuulizwa ni wa nani.

Nilikuwa darasa la tatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo kazi ya ndama ilikuwa yangu ingawa ni msichana. Siku hiyo nilikuwa nawachunga pembezoni mwa ngitili, fimbo mkononi, nikiwazuia wasichungulie ndani. Mvua zilikuwa zinaishia na nyasi zilifika kiunoni kwa mtu mzima. Ndipo likaja gari jeupe, likasimama, akashuka kijana wa mjini mwenye buti, kofia na ubao wa kuandikia. Nyuma yake watu wawili walibeba vigingi vilivyofungwa utepe mwekundu. Tulikuwa tumesikia kwamba watafiti wa dhahabu wamepiga kambi ng'ambo ya mto, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja kwa karibu.

Nikapiga goti na kumwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama, akatazama nyasi.

"Wewe mtoto, hapa huwa mnachunga?"

"Hapana," nikasema. "Hapa hapachungwi. Ni marufuku."

"Kuna mtu analima?"

"Hakuna."

"Kuna anayekaa humo?"

"Hakuna."

"Hata mbuzi hawaingii?"

"Hata mbuzi. Akiingia tunachapwa."

Akacheka, akaandika. Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, chenye kigugumizi cha mtu anayetafsiri kichwani, na nilijisikia fahari kwamba nimejibu maswali manne mfululizo bila kukosea. Pia nilijisikia fahari kwa ukoo wetu. Niliona nimemthibitishia mgeni kwamba sisi ni watu wenye utaratibu, tunaotunza malisho yetu sawasawa, si kama ukoo wa ng'ambo waliokuwa wakiiba nyasi zao wenyewe kabla ya wakati. Alinipa biskuti, pakiti nzima. Nilikula mbili tu. Nyingine nikazifunga kwenye kona ya kitenge nikampelekea baba mdogo na wanawe.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, niliwasimulia wote uani. Baba alikuwa anakula ugali. Aliacha kutafuna, akaniuliza, "Ulimjibu nini?" Nikarudia neno kwa neno, mpaka ile ya mbuzi. Baba mdogo akacheka, akasema huyu Kabula atakuwa karani. Baba hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikadhani ananistaajabia.

Baada ya wiki kadhaa likaja greda. Watu wengi wa kijiji walikuwa hawajawahi kuliona, na walilisindikiza kama wanavyosindikiza ngoma. Habari zilikuwa zimeenea kwamba panajengwa uwanja wa ndege, na mimi kwa akili zangu za utoto nilikuwa nimeshapata maelezo. Ndege ile ilikuwa inakuja kulishwa. Kama sivyo, kwa nini wachague mahali penye nyasi nzuri kuliko pote? Niliona wanatuheshimu sana. Kwa hiyo greda liliposhusha meno yake likaanza kung'oa nyasi zetu na mizizi yake, na wale watu wa utepe wakawasha misumeno wakaangusha migunga, nilisimama pale nikijiuliza ndege itakula nini sasa. Harufu ya petroli na majani mabichi ilijaa bonde lote.

Baba mdogo alikimbilia ofisi ya kijiji kwa baiskeli. Aliporudi alikuwa anatembea, baiskeli anaikokota, na mnyororo haukuwa umekatika. Alikuja moja kwa moja uani kwetu, mkewe nyuma yake. Mkewe tulimwita Mama Limbu, kwa jina la binti yao mkubwa.

"Kaka," akamwambia baba, "wanasema ardhi ilikuwa tupu. Wanasema waliuliza, wakaambiwa hapatumiki kwa lolote. Nani kawaambia?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasuka kamba. Hakuinua uso.

"Muulize Kabula," akasema.

Nimeishi miaka mingi baada ya maneno hayo mawili, na bado sijaona silaha iliyo fupi kuliko hiyo. Baba mdogo alinigeukia. Najua alikumbuka, maana uso wake ulibadilika taratibu, na ile furaha yote aliyokuwa nayo siku ya biskuti niliiona ikimtoka. Hakunigusa. Mama Limbu ndiye aliyesema. "Mdomo wako huo, mtoto. Mdomo wako huo umetula wote." Nilimtazama mama yangu anitetee. Mama akanivuta nyuma ya khanga yake na kuninong'oneza ninyamaze, yatapita. Baba aliendelea kusuka kamba.

Ndege ilitua kiangazi kilipoanza. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye propela moja, na kwanza ilipita chini kabisa mara mbili ili mbuzi na watoto waondoke njiani. Watu walivaa nguo za kanisani. Walikuwapo wacheza ngoma, na wanawake walipiga vigelegele. Magurudumu yalipogusa udongo nikamwona baba mdogo anatokea pembeni na baiskeli yake, anakanyaga kama kichaa sambamba na bawa, vumbi limewafunika wote wawili. Umati ukapiga kelele za furaha, wakadhani ni mchezo wake ule ule. Nilikuwa karibu na niliuona uso wake. Alikuwa analia, na alikuwa anakanyaga juu ya malisho ya ng'ombe wake.

Miezi iliyofuata sitaieleza kirefu. Kiangazi kilikuja kama kinavyokuja kila mwaka, ila mwaka huo hatukuwa na mahali pa kufungua. Ng'ombe walikula magunzi, wakala nyasi za paa la jiko, kisha wakaanza kulala na kukataa kuinuka. Ukishamwona ng'ombe anayekujua kwa sauti anakutazama akiwa amelala hivyo, na wewe unaambiwa kila siku kwamba ni mdomo wako, hukui sawasawa. Zizi la baba mdogo liliisha kabla ya letu, kwa kuwa baba alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye uwanja ule, kufukuza wanyama na kusimika mfuko wa kuwaonyesha marubani upepo, na kambi ilimruhusu kukata majani ya kando. Watu walisema angalau watafiti wamemwonea huruma.

Baba mdogo akaenda upande wa Geita kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na baiskeli akaiacha imeegemea ukutani. Hakuwa mchimbaji. Alikuwa mfugaji aliyekosa ng'ombe. Mvua za mwaka uliofuata ziliporegeza ardhi, kifusi kilimfukia yeye na wenzake wawili, na yeye ndiye aliyetolewa wa mwisho. Walipomleta, Mama Limbu alikuwa ameketi chini ya ukuta ule wa baiskeli, na nilipokaribia na wenzangu kutoa pole aligeuza kichwa. Baada ya msiba aliwachukua watoto wake akarudi kwa kaka zake, na ua wa minyaa kati ya nyumba zetu ukaota bila kukatwa mpaka tukawa hatuioni nyumba yao.

Mimi niliacha kujibu maswali. Sisemi kwa mafumbo, niliacha kweli. Mwalimu akiniuliza saba mara sita, najua jibu, nasema sijui. Mgeni akiuliza njia ya kisimani, kisima kiko mgongoni kwangu, nasema sijui. Niliogopa kwamba kinywani mwangu mna kitu kinachobomoa nyumba za watu. Walimu walinichapa, kisha wakanichoka, na darasa la saba nilimaliza bila kuandika chochote cha maana kwenye karatasi za mtihani. Watu wa kijiji wakasema Kabula ni mzito wa kichwa. Nilikuwa naijua mito yote ya mkoa kwa mpangilio, na hakuna aliyewahi kujua kwamba naijua.

Watafiti waliondoka baada ya viangazi viwili. Inasemekana hawakupata walichotaka. Kambi ilivunjwa, baba akarudi nyumbani na fulana ya ulinzi, na ule uwanja ukabaki jinsi ulivyo mpaka leo, udongo umekandamizwa kiasi kwamba hata magugu yanasita kuota. Jumapili vijana wa bodaboda kutoka vijiji vya jirani wanashindana kwa pikipiki pale. Nimeshawahi kupita nikawaona wakilala juu ya matangi, wakishangiliwa. Ni vijana wazuri, na sina ugomvi nao. Ukimuuliza mmoja pale palikuwa nini kabla, atakuambia hapakuwa na kitu.

Baba alipozeeka nilimchukua nikaishi naye hapa Kahama. Mdogo wangu alikuwa mbali, na mimi pamoja na kila kitu nilijiona ninawiwa naye. Nilimwosha, nikamtengea uji, nikamnunulia redio. Hakuwahi kunikaripia juu ya ngitili tangu nikiwa mtoto, na mimi ule ukimya nilikuwa nauhesabu kuwa ni msamaha. Nilikuwa namshukuru moyoni kwa ukubwa wake wa roho.

Ilikuwa asubuhi, tumekaa barazani, mwanangu wa mwisho anamenya viazi. Ndege ikapita juu, na mwanangu akasema kwa matani, "Babu, ile ungeipanda wewe ungezimia."

"Mimi nimepanda," baba akasema.

Tukacheka. Yeye akacheka pia, kwa raha ya mzee anayejua kitu. "Mnacheka. Nimepanda, nawaambia. Wale wa dhahabu walinipeleka Shinyanga kwa gari, tukapaa kutoka kule. Walitaka eneo lenye urefu, nikawaambia kwanza nipandisheni na mimi nione. Bibi yako nilimwambia nafuata dawa ya kupe." Akanyoosha kidole angani. "Kila mahali palikuwa pamelika, peupe. Ngitili yetu peke yake ndiyo ilikuwa kijani, ndefu, imenyooka. Nikawaonyesha. Nikasema, ile pale. Tuliposhuka nikaweka dole gumba kwenye karatasi yao."

Nilikumbuka safari ile ya dawa ya kupe. Alikuwa amerudi bila dawa, akasema duka limefungwa. Ilikuwa kabla. Kijana wa ubao alikuwa bado hajaja.

Nikamtuma mwanangu dukani. Alipotoka nikamuuliza baba, "Kwa hiyo walipokuja kuniuliza mimi, wewe ulikuwa umeshaweka dole gumba."

Aliacha kucheka. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa amesahau nani ameketi mbele yake.

"Yule alikuwa anapima tu," akasema.

"Na ukasema muulize Kabula."

"Ngitili ilikuwa yangu na ya Masanja. Ningesema ni mimi, angenishikia panga, na ukoo ungenitoa. Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto hafanywi kitu." Akafikiri kidogo, akaongeza kama mtu anayenifariji, "Nilijua utasahau. Watoto husahau."

"Waliahidi nini, baba? Zaidi ya kukupandisha?"

"Kazi ya ulinzi," akasema. "Na walisema ni kwa muda, watairudisha." Kisha akanishika mkono, mkono wake ukiwa mwepesi, hauna nguvu. "Ng'wana wane, mwanangu, Mama Limbu asijue. Nikishakufa, semeni mnavyotaka. Ila nikiwa hai asijue."

Nilipaswa kupiga kelele. Nilipaswa angalau kumwuliza kama aliwahi kumwona ndugu yake usingizini. Badala yake niliutoa mkono wangu, nikaenda jikoni nikakoroga uji wake. Kuanzia siku hiyo nilimtengea kila alichohitaji, na sikumwambia "karibu" hata mara moja. Alikula bila kukaribishwa mpaka alipokufa, na sijuti. Mengine najuta, hilo sijuti.

Tulimzika kijijini. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa aliishi sana na aliowakosea walikuwa wameshakufa au hawajui. Niliamua kwamba nitasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Kahama, nikiyarudia kimoyomoyo kwenye gari, na nilipoambiwa Mama Limbu amefika, amekuja kwa bodaboda tangu kwa kaka zake, niliinuka.

Alikuwa amekuwa mdogo, mgongo umepinda, anaongozwa na Limbu. Niliwapita wanawake walioketi kwenye mikeka nikaenda kupiga goti mbele yake. "Shikamoo, mama." Aliweka kiganja chake kichwani kwangu, kisha akakishusha shavuni, mbele ya watu wote, mkono ambao ulikuwa haujanigusa tangu nikiwa darasa la tatu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimekuja kumzika shemeji, lakini nimekujia wewe. Nimezeeka, sitaki kwenda na hili. Ulikuwa mtoto, hukujua unalosema. Nimekusamehe. Na Masanja huko aliko najua amekusamehe."

Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kulia, na Limbu akalia, na mmoja akasema Mungu ni mwema. Uso wa Mama Limbu ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo kisimani. Kaburi lilikuwa hatua chache kutoka pale, halijajazwa, na majembe yalikuwa yanangoja. Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, kwa mpangilio, na nilijua nikilitoa la kwanza nitamvua mama yule amani aliyokuja nayo umbali wote ule, na kumpa badala yake miaka yote aliyomchukia mtoto asiye na kosa.

"Asante, mama," nikasema. "Asante kwa kunisamehe."